Mgonjwa Anaendelea Vizuri

Gari la mume wangu liliitwa Mgonjwa, na jina hilo silo langu. Watu hupenda kunisingizia kwa sababu ya ulimi wangu, lakini aliyelibandika ni jirani yetu mwenye duka. Kila asubuhi akienda kufungua duka lake alimkuta mume wangu amelala chali chini ya gari, miguu tu ndiyo iko nje, kandambili moja imemvuka. Siku moja akasimama getini akasema, "Pole na mgonjwa, Injinia. Ameamkaje?" Mume wangu, badala ya kununa, akajibu kutoka huko chini, "Hajambo kidogo, joto limeshuka." Mtaa mzima ukadaka.

Na hilo la Injinia lilikuwa dhihaka vilevile. Mume wangu ni mtunza ghala wa idara ya maji. Anawagawia wenzake mabomba na koki wakayafunge, na yeye mwenyewe sijawahi kumwona akifunga hata moja. Bomba la jikoni kwetu linavuja tangu tulipohamia.

Gari lenyewe lilikuwa pande la gari la zamani, la kijani kilichopauka, lenye gurudumu la akiba mgongoni na kipandio chini ya mlango. Lilitengenezwa kwa ajili ya milima na matope, na sitasema uongo, lilipokuwa zima lilipita mahali ambapo magari mapya ya wakubwa yalisimama kuomba kuvutwa. Ila hiyo "lilipokuwa zima" ilikuwa habari ya zamani.

Hapo mwanzo alikuwa na fundi kama watu wengine. Kisha akagundua kwamba alternata ya kuchaji betri iliyokuja na gari imetolewa kinyemela, na mahali pake imewekwa nyingine mbovu iliyopakwa rangi ya fedha iking'aa. Alilia. Sisemi kwa kupamba, alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma akalia machozi. Tangu hapo akaapa kwamba mkono wa mtu mwingine hautaingia tena chini ya boneti lile. Akanunua spana, jeki na taa ya kuvaa kichwani, akaanza kujifunza kwa video za kwenye simu. Nyingi zilikuwa za lugha asizozijua. Alizima sauti akatazama mikono.

Mimi ni mshonaji, na sebule yetu ndiyo karakana yangu. Meza yangu ya kukatia vitambaa iliwahi kulaliwa na silinda hedi, yaani kichwa cha injini, imefunikwa gubigubi, nami nikawa nakata magauni ya watu sakafuni kwa magoti. Boliti zake alizipanga kwenye trei ya mayai, kila moja na shimo lake, na ole wako uiguse. Themostati, kile kilango cha maji ya injini, aliichemsha ndani ya sufuria yangu ya chai aone kama inafunguka. Ilifunguka, na sufuria nikaitupa. Hata vipande vinavyobaki nikikata nguo, ambavyo huvitunza kwa ajili ya foronya, vilikwisha vyote kwa kufutia oili. Nilikuwa nikisema, na yeye alikuwa akisema "imebaki kidogo". Hilo ndilo lilikuwa jibu lake la kila swali: imebaki kidogo tu.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa kuchemsha. Ukiliwasha uani linatulia kama mtoto aliyeshiba, ukilipeleka kwenye kilima cha barabara kuu sindano ya joto inapanda, moshi unafuka, maji yanatapikwa barabarani. Akabadilisha rejeta, homa ikabaki pale pale. Akabadilisha pampu ya maji, akabadilisha gasketi, akabadilisha mkanda wa feni. Kila alichokitoa kilikuwa kizima. Nikamwambia la kuvunda halina ubani. Akasema hapana, ni hewa tu imenasa kwenye njia za maji. Akakata chupa ya plastiki kitako, akaipachika kichwa chini kwenye mdomo wa rejeta, akaijaza maji, injini ikiunguruma na mapovu yakitoka moja moja. Jirani wa duka akachungulia juu ya ukuta.

"Loo! Mmeshamtundikia dripu?"

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Na mimi nilicheka, sikatai.

Lugha yetu ilianza kuharibika hapo. Magari ya wenzetu yalizimika, la kwetu "alizimia". Ya wenzetu yanatoka gereji, la kwetu "ataruhusiwa lini?" Muuza spea akipiga simu haulizi gari, anauliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Mpita njia ambaye hata simjui kwa sura aliwahi kunipa pole sokoni, nikalazimika kumweleza kwamba kwetu hakuna anayeumwa, ni gari.

Kisha akaja Mama, mama yake mume wangu.

Dada yake Mama, ambaye mume wangu humwita Mama Mkubwa, alikuwa amelazwa hospitali katika mji ulio juu milimani, nusu siku ya safari kutoka kwetu. Huyo ndiye aliyemlea Mama. Mama yao alifariki mapema, na dada akaacha shule ili mdogo asome. Mama alikuwa akisema hivyo bila kupamba, jinsi mtu anavyosema jina lake. Alikuja kwetu kwa jambo moja tu: mwanawe ampeleke kwa gari akamwone dada yake angali hai. Magoti yake ni mabovu na ngazi za basi ni ndefu, na kijana wake alikuwa ameshamwambia kwa simu, kwa sauti ya kujigamba, "Mama yangu hapandi basi na mimi nina gari."

Jioni aliyofika, mume wangu alinivuta jikoni.

"Sikiliza," akaninong'oneza, "lile neno letu tuliache humu ndani. Mama Mkubwa yuko hospitali kweli. Si vizuri Mama atusikie tunamtania mgonjwa."

Nikamwona ana busara, na si mara nyingi namwona hivyo. Basi mezani tukawa tunasema "gari" kama watu wenye adabu. Mgonjwa alibaki nje, chini ya boneti na dukani. Ndani ya nyumba yetu, kwa Mama, mgonjwa alikuwa mmoja tu.

Alikaa akisubiri. Asubuhi anaoga, anavaa, anaketi kwenye kiti cha kando ya dirisha langu, mkoba magotini, anamtazama mwanawe akifungua na kufunga. Kwa kuwa nilikuwa kwenye cherehani, aliniomba nimshonee dada yake gauni la hospitali, la kufunguka mbele lote, manesi wasipate taabu ya kumvua. Alikichagua mwenyewe kitambaa, pamba laini ya maua madogo ya bluu. "Dada anapenda bluu," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia inamzeesha."

Binti wa Mama Mkubwa ni mwalimu, na ndiye aliyekuwa akimuuguza. Alipiga simu akataka kuzungumza na mimi, si na Mama.

"Wifi, mjitahidi," akasema. "Anamuulizia mdogo wake kila akifumbua macho. Leo kaniuliza kama wamegombana."

Nilitoka na simu hiyo mkononi mpaka uani.

"Kodi gari la mtu," nikamwambia mume wangu. "Mpakie mama yako mpande basi. Mbebe mgongoni ukitaka. Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Na haraka haraka haina baraka," akajibu, kichwa kiko ndani ya boneti. "Unataka mama yangu achemkiwe katikati ya mlima? Imebaki kidogo. Mama mwenyewe halalamiki, unalalamika wewe."

Ni kweli Mama hakulalamika. Kila nikimchokoza alimtetea: mwanangu anajitahidi, angalia mikono yake ilivyochubuka. Mchelea mwana kulia hulia yeye, nikasema, lakini nilisema moyoni, maana mkwe ni mkwe.

Basi nikaenda kwa jirani wa duka. Kumbe alikuwa akienda huko huko milimani kuchukua bidhaa, anaondoka mchana ule ule kwa pikapu yake, analala huko, anarudi kesho yake. Kiti cha mbele kiko wazi na pikapu ni fupi, magoti hayatapata shida. "Mama yenu ni mama yangu," akasema. "Kabla jua halijazama atakuwa amekaa kitandani kwa dada yake."

Nilipomweleza Mama, alinishika mkono akaubana. Akakunja nguo zake. Ombi lake lilikuwa moja, nisimwambie mume wangu. "Nitamwambia mwenyewe nikiwa naondoka, taratibu, asije akajiona ameshindwa." Hata hapo alikuwa anamlinda. Nikakubali, nikatoka kwenda kununua vifungo, maana gauni lilibakiza vifungo tu.

Yaliyosemwa nikiwa nimetoka sikuyasikia. Nimeyapata baadaye, nusu kwa Mama na nusu kwa mume wangu, nikayaunga mwenyewe, na sijapata kuunga kitu kilichoniuma hivyo.

Simu ya mume wangu ililia. Ilikuwa ni muuza spea. Injini ilikuwa inaunguruma, kwa hiyo mume wangu alijibu kwa kupiga kelele, amesimama hatua chache tu kutoka dirishani kwa Mama.

"Mgonjwa? Anaendelea vizuri sana! Joto limeshuka! Hatapiki tena kabisa! ... Eee, dripu tumeshaitoa! Kesho anatoka!"

Mama aliinuka, magoti yake hayo hayo, akashika nondo za dirisha.

"Mwanangu! Nimesikia sawasawa? Kesho anatoka?"

Mume wangu anasema alifurahi. Alidhani mama yake naye ameshainyaka lugha ya mtaa kwa kusikia watu getini, na kwamba anaichezea ili kumtia moyo.

"Umesikia sawasawa, Mama. Kesho anatoka."

"Na homa?"

"Homa kwisha! Shida ilikuwa hewa tu, alikuwa hapumui vizuri. Sasa anapumua mwenyewe."

"Mungu mkubwa," akasema Mama. "Basi tusimsumbue leo."

"Leo apumzike. Kesho mimi mwenyewe nakupeleka."

Niliporudi na vifungo vyangu nilimkuta Mama analia na kucheka. Nguo zake zilikuwa zimeshatoka ndani ya mkoba, zimerudi msumarini.

"Mgonjwa anaendelea vizuri," akaniambia. "Mume wako kazungumza nao kwa simu sasa hivi. Kesho anatoka hospitali. Nenda kamshukuru jirani, mwambie atangulie tu. Nitakwenda kesho na mwanangu, nimkute dada nyumbani kwake, amekaa kitako, tunywe chai kama watu. Kwa nini nimkimbilie wodini wakati anatoka? Na mtoto atafurahi kunifikisha yeye."

Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini nani huhojiana na habari njema? Nilimkumbatia. Akalishika lile gauni, akalitazama upya. Akasema si la hospitali tena, nilizibe mbele mpaka kiunoni, na ubavuni niweke mfuko, maana dada yake hupenda kutembea na funguo. Nikakaa kwenye mashine kufumua nilichokuwa nimeshona.

Kabla ya hapo nilikuwa nimepita dukani. Jirani alikuwa ameshawasha pikapu. Nikamwambia habari, akainua mikono miwili juu.

"Wagonjwa wote wawili wanaendelea vizuri basi!" akasema. "Injinia naye kaniambia wake anatoka kesho."

Nikacheka, nikampungia mkono, naye akaondoka na kiti cha mbele kitupu.

Jioni ile mezani kulikuwa na furaha. Mama alimchagulia mwanawe mnofu mkubwa. "Kesho," akasema. "Kesho, Mama," akajibu mume wangu mdomo umejaa. Wakatazamana wakitabasamu, kila mmoja na mgonjwa wake kichwani, na mimi katikati nikigawa mboga.

Asubuhi yake mume wangu alitoka na gari kulijaribu kwenye kilima. Mama alikuwa amevaa viatu vya safari. Mimi nilikuwa nashona kifungo cha mwisho, na gauni lilikuwa limependeza, sijisifu. Simu ya Mama ikalia mezani. Ana mazoea ya kuweka sauti ya nje kwa sababu ya masikio yake, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Mama Mdogo?" Alikuwa ni yule mwalimu.

"Naam, mwanangu! Tumeshajiandaa, tunakuja!"

"Mama Mdogo, uko na nani hapo?"

"Niko na mkwe wangu. Haya, niambie."

"Mama Mdogo... Mama ametutoka."

"Najua!" akasema Mama, akapiga kofi kwa furaha. "Tangu jana nimeambiwa anatoka leo! Kumbe wamemruhusu asubuhi hii? Mpe simu, mwanangu, nimsikie sauti."

Mtu mwenye hofu angeisikia ile "tu" katikati ya neno. Mimi niliisikia, sindano ikaniingia kidoleni. Mama hakuisikia kwa sababu hakuwa na hofu tena. Mwanawe alikuwa ameshamtoa hofu yote, dirishani, kwa sauti kubwa.

Upande wa pili mwalimu alianza kulia. Mama akaitazama simu, akanitazama mimi, bado anatabasamu, jinsi mtu anavyotazama anapodhani simu imeharibika. Nikaichukua, nikaiweka sikioni.

"Nani kamwambia Mama anatoka?" mwalimu akaniuliza. "Wifi, nani kamwambia? Amekufa alfajiri. Jana jioni alikaa, akanywa uji, akaniambia nisifunge mlango kwa sababu mdogo wake yuko njiani."

Jibu liliingia getini likipiga honi. Honi ndefu, za harusi. Mume wangu aliruka chini, akaja mbio mpaka mlangoni, uso unang'aa, oili mpaka kwenye nyusi.

"Mama! Mgonjwa ametoka! Nimempandisha kilima chote, hajatapika hata tone! Twende!"

Mama aligeuka taratibu.

"Mgonjwa yupi?" akauliza.

Mume wangu bado alikuwa anacheka. Alinyoosha mkono nje, kwenye gari. "Si huyo hapo." Kisha akaniona nilivyokaa na simu, na kicheko kikamkatikia usoni.

Mama alikaa kwenye kiti cha cherehani, juu ya mikasi, hata hakuihisi. Hakupiga yowe. Nilitamani apige yowe.

"Jana," akasema, "ulikuwa unazungumza na nani kwenye simu?"

"Na muuza spea, Mama."

"Nikakuuliza homa."

"Mama, mimi nilidhani..."

"Ukaniambia anapumua mwenyewe," akasema Mama.

Tulikwenda kuzika na gari lile lile. Mama alikaa nyuma na mimi, gauni likiwa ndani ya mkoba. Sijui kwa nini alilibeba, na sikuuliza. Njia nzima niliomba lichemke. Naapa, nililiombea mabaya gari lile kuliko nilivyowahi kumwombea mtu. Nilitaka sindano ipande, moshi ufuke, tukwame kando ya barabara ili angalau kuchelewa kwetu kuwe na sababu, na ili mume wangu aone kwamba hata hicho alichokiponya hakikupona. Halikuchemka. Lilipanda milima likiimba, likayapita malori, likalipita na basi. Ukungu ulipofunika kioo mume wangu aliingiza mkono mfukoni, akatoa kitambaa, akakifuta. Kilikuwa pamba ya maua madogo ya bluu, kimelowa oili pembeni. Alikiokota kwenye vipande vyangu kama kawaida yake, hakukitazama hata mara moja.

Katikati ya mlima tulipishana na pikapu ya jirani ikishuka imejaa mizigo. Alitutambua kwa mbali. Aliwasha taa, akapiga honi, akatoa mkono dirishani na dole gumba juu. Alikuwa anampongeza Mgonjwa.

Msibani, mwalimu alimkalisha Mama karibu yake, akamshika mikono.

"Alikungoja, Mama Mdogo. Mbona hukuja?"

Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yetu. Nilimwona akifumba macho. Mimi nilikuwa nimejiandaa kusema, ulimi uko tayari, maneno nimeyapanga tangu njiani, na ningeyasema mbele ya ukoo mzima. Lakini aliyeulizwa hakuwa mimi.

"Magoti, mwanangu," akasema Mama. "Haya magoti yangu. Ngazi za basi zilinishinda."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Mama akaendelea kuyapapasa magoti yale mbele za watu, akiyaonyesha.

Mchana, baada ya maziko, wanaume walikusanyika uani. Nilipopita na ndoo nilikuta mume wangu amefungua boneti, anaangalia maji. Wazee wawili walikuwa wameinama naye, mmoja anasifu kwamba magari siku hizi ni karatasi tu, gari ni hili. "Ulilitengenezea wapi?" akaulizwa. "Mwenyewe," akajibu kwa sauti ndogo. Hakujigamba, nampa haki yake. Lakini alilijibu swali, na mimi nilishindwa kumsamehe hata hilo.

Siku ya kuondoka, Mama alisema hatarudi kwetu. Angekwenda moja kwa moja nyumbani kwake. Mume wangu akasema vizuri, atampeleka, si mbali sana kwa gari. Mama akasema tumfikishe tu kituo cha basi.

Tulidhani atabadili nia tukifika. Kituo kilikuwa kimejaa, basi lake limeshawasha injini. Mume wangu alishuka, hakulizima gari, akazunguka akamfungulia mama yake mlango, kisha akasimama katikati yake na basi.

"Mama, twende tu," akasema. "Gari ni zima sasa. Nakufikisha mpaka mlangoni."

"Najua ni zima, mwanangu. Nimeliona."

"Basi hilo ni refu. Magoti yako je?"

"Magoti yangu nimeshayasingizia vya kutosha," akasema Mama.

Aliniaga mimi kwa kunikumbatia. Kisha akamwekea mwanawe kiganja shavuni, akakiacha hapo kidogo, jinsi mama anavyompima mtoto joto, kisha akakiondoa. Utingo akamnyooshea mkono amsaidie, akaukataa. Akapanda ngazi moja, akapumzika. Akapanda ya pili. Mtu nyuma yake alianza kunung'unika, akanyamazishwa. Akapanda ya tatu, akapotea ndani, na alipopata kiti alikaa upande wa pili, ule ambao hatuuoni.

Basi likaondoka. Tulisimama mpaka vumbi likatulia, maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kurudi garini. Mlango wa nyuma ulikuwa bado wazi jinsi alivyomfungulia. Injini ilikuwa inaunguruma taratibu, haikohoi, haitapiki. Niliingia, nikatazama pale mbele, na sindano ya joto ilikuwa imesimama katikati kabisa, pale inapotakiwa.